Mdhamini Ni Nani? Uhakiki wa Maneno ya Mkopo

Tangu lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, Baraza la Kiswahili la Taifa limekuwa na jukumu, pamoja na majukumu mengine, la kusimamia uundaji na usanifishaji wa istilahi. Orodha za Tafsiri Sanifu zilizoanza kutolewa katika miaka ya 1970 ziliwapa walimu, watafsiri na watumishi wa serikali maneno ya kutumia darasani, ofisini na viwandani. Mahakama za Mwanzo nazo zimeendesha mashauri kwa Kiswahili kwa miaka mingi, na mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za Tanzania na lugha ya mahakama zake. Hayo yote ni mambo ya kujivunia.

Hata hivyo, istilahi ikishatoka katika orodha na kuingia katika mkataba, haiwezi tena kupimwa kwa usanifu wake peke yake. Katika orodha, neno hutakiwa liwe fupi, lifuate sarufi na lisigongane na neno jingine. Katika mkataba hutakiwa jambo moja zaidi: mtu anayetia sahihi chini ya neno hilo aelewe anajifunga kwa lipi. Neno lisilomwelewesha hivyo ni bovu, hata likiwa limesanifiwa.

Makala haya yanahakiki maneno machache yanayopatikana karibu katika kila fomu ya mkopo wa Kiswahili. Tutakaa zaidi juu ya neno mdhamini, kisha tutagusa riba, na mwisho tutalitazama fungu la maneno ambalo kila msikilizaji wa redio analijua kwa moyo, yaani vigezo na masharti kuzingatiwa.

Kosa la mtafsiri

Mwandishi wa makala haya hawezi kujitenga na lawama atakazozitoa. Miaka kadhaa iliyopita aliombwa na chama kimoja cha akiba na mikopo aitafsiri fomu yake ya mkopo kutoka Kiingereza. Kazi ilifanywa kwa jioni mbili. Sehemu inayomhusu mtu wa tatu, yule anayesimama nyuma ya mkopaji, ilitafsiriwa hivi: "Mimi niliyetajwa hapa chini namdhamini mwombaji wa mkopo huu kwa mujibu wa vigezo na masharti ya chama." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Upatanisho wake ni sahihi, na kila neno limo katika kamusi. Viongozi wa chama waliipokea kwa furaha, na mtafsiri akalipwa ujira wake.

Baadaye mwalimu mmoja wa shule ya msingi alifika nyumbani akiwa na hati yake ya mshahara mkononi. Mshahara ulikuwa umekatwa kwa mwezi wa tatu mfululizo. Mwenzake aliyekopa alikuwa ameacha kazi na kuhamia mkoa mwingine, na chama kilikuwa kimeanza kukata fedha za mdhamini, kama masharti yake yalivyokiruhusu. Mwalimu yule hakuja kulalamikia tafsiri. Hakujua hata ni nani aliyeifanya. Alikuja kusomewa fomu kwa kuwa alisikia kwamba mwenyeji wake huelewa karatasi za namna ile. "Mzee, mimi sikukopa," alisema. "Nilimdhamini tu."

Neno hilo "tu" ndilo chanzo cha makala haya. Kwa mtu aliyezaliwa katika Kiswahili na mwenye cheti cha ualimu, kudhamini lilikuwa jambo dogo kuliko kukopa: ni kumjua mtu, ni kusema neno jema juu ya mwenzako. Kwa sheria, lilikuwa ni kuahidi kulipa. Je, ni mwalimu aliyekosa kuijua lugha yake, au ni mtafsiri aliyekosa kuitumia?

Neno moja, kazi saba

Tulitazame neno lenyewe katika matumizi yake ya kila siku. Tangazo la kazi humtaka mwombaji ataje majina ya wadhamini watatu. Hao ni watu wa kuulizwa juu ya tabia na uwezo wake. Hawalipi chochote mwombaji akiharibu kazi. Klabu ya mpira ina mdhamini, yaani kampuni inayotoa fedha ili jina lake lionekane kwenye jezi. Shule, msikiti au kanisa huwa na baraza la wadhamini, ambao hushika mali kwa niaba ya wengine. Mahakamani mshtakiwa hutolewa kwa dhamana, na wadhamini wake huandikisha kwamba atarudi siku ya kesi. Asiporudi, watadaiwa kiasi kilichotajwa katika hati. Waziri mwenye dhamana ya elimu ni yule aliyekabidhiwa madaraka ya elimu. Muuza redio husema kwamba redio yake ina dhamana ya mwaka mmoja, ingawa wateja wengi huiita garantii. Na mwisho, katika mkopo, dhamana huweza kuwa shamba, gari au hati ya nyumba, na mdhamini huwa mtu atakayelipa deni la mwenzake.

Asili ya neno ni Kiarabu, na katika matumizi yote saba kuna kiini kimoja: kubeba jukumu juu ya jambo au mtu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mtu fulani alikosea alipolipeleka neno mahakamani, au mwingine alipolipeleka kiwanjani. Neno lilitanuka kama maneno mazuri yanavyotanuka. Wingi wa maana si kasoro ya lugha, kwani aghalabu mazingira huonyesha ni maana ipi inayokusudiwa. Hakuna shabiki anayedhani kwamba mdhamini wa klabu atafungwa golikipa akitoroka.

Lakini mazingira husaidia pale tu ambapo msikilizaji ameyazoea. Mwalimu wetu hakuwa amewahi kuwa mdhamini wa mkopo. Alikuwa amewahi kuwa mdhamini katika maombi ya kazi ya vijana wawili aliowafundisha. Katika maombi yale aliandika jina, anwani na namba ya simu. Katika fomu ya mkopo aliandika jina, anwani na namba ya simu, akaongeza sahihi. Karatasi mbili zilifanana, neno lilikuwa lile lile, naye akachukua maana aliyokuwa nayo tayari. Hivyo ndivyo kila msomaji afanyavyo anapokutana na neno analolijua mahali pageni. Mtafsiri alipaswa kulitazamia hilo, lakini hakulitazamia.

Sheria inavyosema

Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo imefuata kwa karibu sheria ya India ya mwaka 1872, hulieleza jambo hili kwa namna isiyo na utata. Udhamini ni mkataba wa kutimiza ahadi ya mtu mwingine, au kulipa deni lake, endapo yeye atashindwa. Wajibu wa mdhamini hulingana na wajibu wa mkopaji mwenyewe, isipokuwa mkataba ukisema vinginevyo. Maana yake ni kwamba mkopeshaji, kwa kawaida, halazimiki kumfuata mkopaji mpaka mwisho ndipo amgeukie mdhamini. Deni likifikia siku yake bila kulipwa, wote wawili wanaweza kudaiwa. Na shauri likifika mahakamani, mtu ambaye hakupokea hata senti ataitwa mdaiwa wa pili, katika lugha hii hii ambayo ndani yake alisema kwamba alidhamini tu.

Huo ni upande wa wajibu. Kuna pia upande wa haki, ambao katika fomu nyingi haumo kabisa. Mdhamini aliyelipa deni ana haki ya kumdai mkopaji kiasi alichomlipia. Ana haki ya kushika nafasi ya mkopeshaji juu ya mali iliyowekwa kwa ajili ya deni hilo. Wakiwa wadhamini kadhaa wa deni moja, na mmoja akalipa zaidi ya fungu lake, anaweza kuwadai wenzake wachangie. Mkopeshaji akibadilisha mkataba na mkopaji bila ridhaa ya mdhamini, mdhamini huondolewa wajibu kwa yale yanayofuata baada ya mabadiliko hayo. Na ikiwa udhamini ni wa kuendelea, yaani wa mikopo inayofuatana, anaweza kutoa taarifa kwamba hatadhamini mikopo ya mbele.

Mwalimu alipoelezwa kwamba anaweza kumdai mwenzake, aliuliza swali ambalo mtafsiri hakulitazamia: "Haki hiyo inaitwaje, ili nikiandika barua niitaje?" Kiingereza kina jina lake, na kitabu cha sheria kina sura yake. Kiswahili, katika fomu ile, kilikuwa na jina la mzigo pekee. Tuliishia kuandika sentensi nzima badala ya neno, na barua ikaenda. Lakini swali lilibaki. Lugha inayotaja vizuri anachodaiwa mtu, ikashindwa kutaja anachoweza kudai, imetafsiri nusu ya sheria. Nayo ni ile nusu inayomfaa mkopeshaji.

Kitu na mtu

Fomu nyingi huandika "dhamana ya mkopo" mahali pamoja na kuacha nafasi ya kujaza. Mmoja huandika jina la shangazi yake, mwingine huandika "shamba la ekari mbili". Wote wawili wamejibu sawa, kwa sababu neno limeruhusu yote mawili. Lakini shangazi na shamba havifanani mbele ya sheria. Shamba linaweza kuuzwa. Shangazi anaweza kushtakiwa, na shamba lake mwenyewe, ambalo hakulitaja popote, likaingia hatarini.

Kiswahili kinalo tangu zamani neno rehani, na pembeni yake poni, kwa kitu kinachowekwa ili deni lilipwe. Neno rehani ni zuri na linaeleweka, ila nalo linahitaji uangalifu. Katika sheria ya Kiislamu, ambako neno limetoka, kitu cha rehani hukabidhiwa kwa mdai. Katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, rehani ya ardhi ni usalama wa deni tu. Haimhamishii mkopeshaji umiliki. Mzee anayesikia kwamba mwanawe ameweka nyumba rehani huweza kudhani kwamba nyumba imekwenda siku ile ile, akakata tamaa ya kuitetea, na kumbe bado kuna taarifa zinazopaswa kutolewa na muda wa kulipa. Kwa upande wa pili, mke anayeombwa kutia sahihi yake karibu na mstari wa shahidi huweza kudhani kwamba anashuhudia. Kumbe, kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi. Sahihi yake ndiyo ridhaa yenyewe. Anao uwezo wa kukataa. Fomu isiyoandika neno ridhaa juu ya mstari huo imemnyima habari ya uwezo wake.

Riba ya nini?

Tuje kwenye riba. Hapa neno lenyewe halina tatizo kubwa. Watu wanalijua, na Waislamu wanajua pia kwamba dini yao imelikataza jambo lenyewe. Tatizo ni yale yanayoandikwa baada ya neno. Fomu husema "riba asilimia 20 kwa mwaka" na kunyamaza. Asilimia 20 ya kitu gani?

Tuchukue mkopo wa shilingi 1,200,000 unaolipwa kwa miezi 12, kila mwezi shilingi 100,000 za mkopo wenyewe pamoja na riba. Ikiwa asilimia 20 inahesabiwa kwa mkopo wote wa awali, riba ni shilingi 240,000, nayo haibadiliki hata baada ya mkopaji kulipa nusu ya deni. Ikiwa inahesabiwa kwa salio lililobaki kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 20,000, ya mwezi wa mwisho haifiki 1,700, na jumla ya mwaka ni shilingi 130,000. Asilimia ni ile ile. Tofauti ni shilingi 110,000. Kwa mkopaji wa njia ya kwanza, gharama halisi ya fedha anazobaki nazo mkononi inakaribia asilimia 35 kwa mwaka.

Mahali pengine njia hii ya pili huitwa "riba inayopungua". Istilahi hiyo inapotosha. Kinachopungua ni salio. Kiwango cha riba kinabaki pale pale. Mkopaji huweza kusikia neno "inayopungua" akadhani kwamba amependelewa kwa kupunguziwa kiwango. Njia ya kwanza mara nyingi haina jina kabisa, na kwa hiyo haiulizwi. Mtu hawezi kuuliza juu ya jambo ambalo lugha yake haijampa jina.

Kuna pia mikopo isiyotaja riba popote. Hutaja ada: ada ya fomu, ada ya uwezeshaji, ada ya huduma. Tuseme mkopo mdogo wa simu unatozwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa mwezi mmoja yaonekana ndogo. Mtu akiukopa upya kila mwezi kwa mwaka mzima, amelipa asilimia 90 ya mkopo kama ada. Hatusemi kwamba kila ada ni riba iliyovaa joho. Wala hatuchanganyi jambo hili na faida katika biashara za kibenki zinazofuata sheria ya Kiislamu, ambako benki hununua kitu kwanza na kukiuza kwa bei iliyotajwa. Hapo faida ni faida. Tunasema kwamba malipo yanayotozwa kwa sababu ya fedha kukopeshwa kwa muda ni gharama ya mkopo, na mtafsiri mwaminifu hana budi kuyaweka yote chini ya jina moja na jumla moja, hata kama mteja wake angependelea majina matano.

Wananchi wenyewe hawakusubiri istilahi. Mikopo yenye gharama kubwa wameiita kausha damu, na jina hilo limeenea kuliko neno lolote la kamati. Siku ya kulipa wameiita siku ya marejesho. Neno marejesho ni la Kiswahili safi, limetokana na kitenzi kinachojulikana na kila mtoto, na linasema hasa kinachofanyika. Mwanaistilahi angeweza kujifunza kwao: neno jema la fedha huanza na tendo la mtu.

Vigezo na masharti

Fungu la mwisho ni lile ambalo msomaji wa matangazo hulitamka kwa kasi mwishoni, kana kwamba anaogopa kusikika: "vigezo na masharti kuzingatiwa". Lina makosa matatu.

Kwanza, kigezo ni kielelezo au kipimo ambacho kitu hulinganishwa nacho. Kuna vigezo vya kupata mkopo, mathalani umri na mshahara. Lakini mambo ambayo pande mbili zimekubaliana katika mkataba si vigezo. Kiingereza kimezoea kutaja maneno mawili yenye maana inayokaribiana, na mtafsiri akaona ni lazima naye ayapate mawili. Neno masharti lingetosha. Pili, "kuzingatiwa" ni kitenzi kisichokuwa na mtu wala wakati. Nani azingatie? Msikilizaji, au kampuni? Kabla ya kununua, au baada ya kugombana? Tatu, na hili ni kubwa zaidi, fungu hilo halimwambii mtu kufanya lolote. Sentensi ya kawaida kama "Uliza masharti kabla ya kulipa" ingekuwa na urefu ule ule, nayo ingemfaa.

Neno sharti lenyewe linastahili heshima zaidi ya hiyo. Katika sheria ya uuzaji wa bidhaa tuliyoirithi kwa Waingereza, kuna ahadi kuu ambayo ikivunjwa mnunuzi anaweza kuikataa bidhaa, na kuna ahadi ndogo ambayo ikivunjwa anaweza kudai fidia tu. Tafsiri nyingi huziita zote mbili masharti, na tofauti hiyo, ambayo kwa mnunuzi ndiyo kila kitu, hupotea. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu inayohusu masharti yanayohesabiwa kuwamo katika mkataba wa mlaji hata yasipoandikwa. Kwa hiyo mnunuzi anayesoma kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi asidhani kwamba neno la mwisho limekwisha kusemwa. Kuna masharti upande wake pia. Ila tangazo limemzoesha kuamini kwamba masharti ni kitu cha muuzaji, ambacho yeye kazi yake ni "kuzingatia".

Pingamizi mbili

Yamkini baadhi ya wasomaji watapinga kwamba istilahi haiwezi kubeba sheria nzima. Neno ni lebo. Maelezo yapo katika mkataba na kwa mwanasheria. Pingamizi hili lina uzito. Hakuna neno litakalomfundisha mtu sheria ya udhamini. Hata Kiingereza chenyewe kimejaa maneno ambayo wenye lugha hawayaelewi. Lakini kuna tofauti kati ya neno lisiloeleweka na neno linaloeleweka vibaya. Mtu akikutana na neno geni, huuliza. Akikutana na neno analolijua, hutia sahihi. Mdhamini ni neno la aina ya pili, na hatari yake iko katika uzoefu wetu nalo.

Wengine watasema kwamba neno limekwisha kuzoeleka na haliwezi kuondolewa. Hilo nalo ni kweli, wala hatupendekezi liondolewe. Neno mdhamini ni mali ya wasemaji. Baraza halina panga la kulikata. Linaloweza kufanywa ni kuliongezea sifa mahali penye hatari, na kuzipa kazi nyingine majina yake, kidogo kidogo, kuanzia katika nyaraka za serikali ambazo sisi wenyewe huziandika.

Mapendekezo

Kwa hiyo tunayaweka mbele ya Baraza, walimu na watafsiri mapendekezo yafuatayo, ili yajadiliwe:

1. Katika mikopo, mtu anayeahidi kulipa deni la mwingine aitwe mdhamini mlipaji, na neno mlipaji lisiachwe hata pale nafasi ya karatasi ni ndogo.

2. Katika maombi ya kazi, watu wa kuulizwa waitwe washuhudiaji tabia, au jina jingine lisilotokana na dhamana. Idara za serikali zikianza, wengine watafuata.

3. Dhamana itumike kwa kitu, na udhamini kwa ahadi ya mtu. Fomu ziwe na nafasi mbili tofauti za kujaza. Kwa ardhi na nyumba litumike neno rehani, pamoja na maelezo kwamba umiliki haujahama.

4. Zitajwe riba ya mkopo wa awali na riba ya salio, na istilahi "riba inayopungua" iachwe. Chini ya kila mkopo iandikwe jumla ya marejesho kwa shilingi, ikiwa pamoja na ada zote.

5. Haki za mdhamini zipewe majina. Tunapendekeza haki ya kurejeshewa, haki ya kushika nafasi ya mdai, na haki ya kuchangiwa.

6. Fungu "vigezo na masharti kuzingatiwa" liachwe, na badala yake itumike sentensi yenye mtu na tendo.

Walimu wa shule za sekondari wanaweza kusaidia zaidi ya kamati yoyote. Badala ya kuwafundisha wanafunzi kuandika barua ya maombi ya kazi peke yake, wawape fomu ya mkopo waisome darasani, na kila mwanafunzi aeleze kwa maneno yake mwenyewe ni nani atalipa, atalipa kiasi gani, na lini. Mwanafunzi anayeweza kufanya hivyo anajua Kiswahili cha kumtosha maishani. Asiyeweza, huenda kosa si lake. Huenda ni la aliyeiandika fomu.

Mwandishi ameirudia kazi yake. Chama kile kilikubali, baada ya mazungumzo, kuibadilisha sehemu ya mtu wa tatu. Sasa inasomeka hivi: "Naahidi kwamba mkopaji asipolipa, nitalipa mimi, kiasi kisichozidi shilingi zilizotajwa hapa. Najua kwamba chama kinaweza kunidai kabla ya kumshtaki mkopaji. Nikimlipia, nina haki ya kumdai anirejeshee." Ni sentensi tatu mahali palipokuwa na moja. Katibu wa chama alilalamika kwamba karatasi imekuwa ndefu, na kwamba siku hizi baadhi ya watu wakiisoma huirudisha mezani bila kutia sahihi. Tulimjibu kwamba hao ndio walioielewa.

Mwalimu yule alimaliza kulipa. Mwenzake amemrejeshea sehemu ya fedha, na nyingine bado. Wasomaji wenye maoni juu ya mapendekezo haya, hasa wale wanaozishughulikia fomu hizi kila siku mahakamani, katika benki na katika vyama vya ushirika, wanaombwa wayaandikie ukumbi huu, ili majina ya haki yapate kujulikana kama yalivyojulikana majina ya madeni.